KIWANJA CHA KWANZA
Somo kwa anayeanza kununua ardhi na kujenga nyumba ya kupangisha



Mara nyingi, ibada ikiisha, watu hunivuta kando na kuniuliza: "Mwalimu, nimepata fedha kidogo. Nataka kiwanja, nijenge vyumba vya kupangisha. Nianzie wapi?" Wengine ni wastaafu wenzangu waliopokea kiinua mgongo. Wengine ni vijana waliouza mbao, viazi au parachichi. Swali hili limezidi tangu tupate barabara ya zege ya kilomita 50 kutoka Lusitu hadi hapa Mawengi. Zamani masika yakianza lori lilikwama matopeni, na mgeni hakuwa na sababu ya kututembelea. Siku hizi mgeni anafika, anatazama mabonde yetu, na anauliza bei.

Basi nimeonelea nijibu kwa maandishi, ili kila mmoja asome kwa utulivu nyumbani pamoja na mwenzi wake. Nitafundisha kama nilivyozoea ubaoni: kwanza kosa, kisha masahihisho, mwisho mazoezi. Kosa ni langu mwenyewe.

1. KOSA LANGU

Nilistaafu mwaka 2019, nikapata kiinua mgongo changu. Sikuwa nimewahi kushika fedha nyingi namna ile kwa mara moja. Nikajiambia kwamba lazima ninunue kiwanja Makambako, kwa maana Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Tunduma inapita pale, ya Songea inaanzia pale, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Mawazo hayo hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa katika namna nilivyonunua.

Mtu mmoja alinionyesha kiwanja pembeni mwa mji. Kilikuwa kizuri, tambarare. Akasema kuna wanunuzi wengine wawili wanaokuja kesho. Tukaketi mgahawani, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, nikamhesabia shilingi 4,500,000 taslimu. Sikwenda ofisi ya mtaa, wala ofisi ya ardhi ya Halmashauri. Mke wangu sikumwambia. Nilitaka kumshangaza nyumba ikiisha.

Niliporudi baada ya miezi mitatu, nilikuta msingi umekwisha kujengwa. Mwenye msingi alikuwa na karatasi halali za Halmashauri, zilizotangulia yangu kwa miaka miwili. Muuzaji alikuwa amehama, na simu yake haikupatikana. Nilishauriwa kwamba naweza kushitaki, lakini nimshitaki nani, na shahidi wangu ni yupi? Aliyetuona tukiandikiana ni yule aliyetuletea chai.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, hukuuliza hata jirani?" Miaka karibu arobaini nimewafundisha watoto kuuliza wasipoelewa, na mimi sikuuliza.

2. ARDHI NI YA NANI?

Kabla ya kununua kitu, yafaa ujue unanunua nini. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Jambo hili limo katika Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa hiyo unaponunua kiwanja hununui udongo. Unanunua haki ya kuutumia pamoja na maendeleo yaliyomo, yaani nyumba, miti au mazao.

Haki hiyo ina sura mbili ambazo sisi hukutana nazo.

(a) Mijini, kama Njombe na Makambako, kiwanja kilichopimwa hupewa hati ya hakimiliki kwa muda wa miaka, kwa mfano 33, 66 au 99. Mwenye hati hulipa kodi ya ardhi kila mwaka na hufuata masharti ya matumizi. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi gereji bila ruhusa.

(b) Vijijini, kama kwetu, kuna hakimiliki ya kimila. Hati yake hutolewa na Halmashauri ya Kijiji. Wapo wanaoidharau wakidhani ni karatasi ya daraja la pili. Sheria inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya mjini.

Tena sheria hizo zinasema kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kwa hiyo wazazi wanaosema "binti hana ardhi, ataolewa" wanazungumza mazoea, siyo sheria.

3. ANZA NA ULICHO NACHO

Hili ndilo somo lenyewe. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili.

Mimi nilikwenda kutafuta kiwanja mbali, na huku nyuma nilikuwa na ardhi ya baba yangu ambayo sikuwa na karatasi yake hata moja. Mipaka yake ilikuwa katika vichwa vya wazee wawili, na mmoja wao amekwisha kufariki. Wengi wetu tuko hivyo. Tuna ekari mbili, tatu au kumi, na tunajihesabu kuwa hatuna mtaji.

Kwa mtu wa Mawengi, hatua ya kwanza katika shughuli hii ni kuithibitisha ardhi aliyo nayo. Waite majirani wa pande zote nne. Tembeeni mpakani pamoja, mkubaliane. Waambieni watoto wakubwa waje wasikie. Kisha nenda kwa Mtendaji wa Kijiji uulize utaratibu wa kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Iandikwe kwa jina lako na la mwenzi wako. Gharama yake haifikii hasara ya kununua kiwanja cha uongo.

Hatua ya pili ni kutouza ovyo. Nimeona vijana wakiuza shamba la urithi ili wanunue pikipiki. Pikipiki ya bodaboda huchakaa katika miaka michache. Shamba lililouzwa halirudi. Mgeni anayelinunua amefanya hesabu zake vizuri, naye hastahili lawama. Wa kulaumiwa ni sisi tunaouza kabla ya kufanya hesabu zetu.

4. KAMA LAZIMA UNUNUE

Wapo wasio na ardhi, au wenye sababu njema ya kununua mjini. Hao wafuate hatua hizi, wala wasiruke hata moja.

Kwanza, fika mahali penyewe mara mbili: mara moja kiangazi, mara moja masika. Kiwanja kinachopendeza mwezi wa Septemba chaweza kuwa bwawa mwezi wa Machi.

Pili, zungumza na majirani bila muuzaji kuwapo. Waulize: ardhi hii ni ya nani, alipataje, kuna ugomvi? Jirani hana faida ya kukudanganya, naye atakuwa jirani yako kesho.

Tatu, ijue familia ya muuzaji. Kama ana mke au mume, mwenzi huyo lazima akubali na atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ardhi ni ya marehemu, mwenye uwezo wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa, kwa ukubwa wake tu, hana uwezo huo. Omba uone barua ya mahakama.

Nne, nenda ofisini. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uulize kimeandikwa kwa jina la nani na kimepangwa kwa matumizi gani. Kama kina hati, omba upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati, uone kama hakijawekwa rehani. Kijijini, nenda Halmashauri ya Kijiji. Zingatia kwamba Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji nayo haigawi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza.

Tano, pima kwa macho na kwa kamba. Tafuta bikoni zote za kiwanja. Tazama barabara: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Tazama na mto: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Anayekuuzia kibanda kilicho karibu sana na lami au kijito anakuuzia alama ya X nyekundu.

Sita, andikianeni mbele ya wakili, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili, na majirani wakiwezekana. Fedha zipite benki ili kuwe na kumbukumbu. Kisha usilale, fuatilia uhamisho wa jina hadi uishe.

Muuzaji akikuharakisha na kusema kuna mnunuzi mwingine kesho, mwambie kwa upole amwuzie huyo wa kesho. Kiwanja hakikimbii.

5. KARATASI NA CHUNGU

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka kwamba Yeremia naye alinunua shamba, huko Anathothi, kutoka kwa mtoto wa ndugu ya baba yake. Habari hizo zimo katika sura ya 32. Ingawa muuzaji alikuwa ndugu, Yeremia alipima fedha, shekeli 17, akaandika hati, akaweka mashahidi. Nakala zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi. Akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Nimefundisha sura hiyo mara nyingi, nisione kwamba ilikuwa inanihusu. Siku hizi chungu chetu ni faili lililofungwa katika mfuko wa nailoni, mbali na panya na moto. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu mwaminifu au benki. Mwenzi wako na mtoto wako mkubwa wajue ilipo. Hati isiyojulikana ilipo humwacha mjane akiomba ardhi yake mwenyewe.

6. HESABU YA VYUMBA VIWILI

Baada ya hasara ile, mimi na mke wangu tulishauriana. Tulikuwa na sehemu kando ya barabara, juu ya eneo la hifadhi. Mke wangu akasema kwamba walimu na wauguzi wanaohamishiwa kwetu hukosa mahali pa kulala. Tukaamua kujenga vyumba viwili. Kwanza alinitaka niketi mezani na kalamu. Hesabu ninayowapa hapa ni ya mfano. Kila mtu aweke tarakimu zake.

Tuseme vyumba viwili, pamoja na msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, mbao za misindano, bati, dari, choo na ufundi, vinagharimu shilingi 7,200,000. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi.

Vyumba viwili kwa mwezi ni shilingi 60,000. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. Anayeanza hugawanya 7,200,000 kwa 720,000, anapata miaka 10, anafurahi.

Sasa tusahihishe. Mwalimu akihamishwa, chumba hukaa tupu. Tuseme kwa mwaka tunapoteza pango la miezi miwili kwa vyumba vyote, yaani shilingi 120,000. Kitasa, kioo, rangi na bati lililopeperuka ni shilingi 60,000. Zinabaki shilingi 540,000. Gawanya tena: ni miaka 13 na miezi 4. Na bado kuna kodi. Kodi ya majengo, kwa nyumba zinazohusika, tangu mwaka 2021 hukatwa kidogo kidogo unaponunua umeme wa LUKU. Pango nalo ni mapato, na mapato yana kodi; fika ofisi ya TRA uelezwe wajibu wako kabla hawajakuuliza.

Je, ukikopa? Tuseme benki inakupa 7,200,000 zote kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 1,224,000. Pango lote, hata vyumba visipokaa tupu hata siku moja, ni 720,000. Nyumba haiwezi kulipa riba yake, sembuse deni. Utalipa kutoka pensheni au shambani, na ukishindwa, dhamana yako itauzwa. Sisemi mkopo ni dhambi. Nasema usikope kwa kutegemea kwamba vyumba vitajilipia.

Ndiyo sababu sisi tulijenga polepole. Mwaka wa kwanza tulifyatua na kuchoma matofali wakati wa kiangazi, tukajenga msingi. Mwaka wa pili chumba kimoja, tukapaua. Pango la chumba hicho, na viazi, ndivyo vilivyosaidia chumba cha pili. Miaka 13 ni mingi, lakini nyumba iliyojengwa vizuri itasimama zaidi ya hapo, na watakaokula matunda yake ni wale waliotuona tukisomba mawe.

7. JE, KUPANGISHA NI UNYONYAJI?

Wazee wa rika langu wana swali moja ambalo vijana hawalijui. Tulipokuwa Chuo cha Ualimu, tulifundishwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwetu sisi, mwenye nyumba alikuwa ndugu wa kupe. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini dhamiri haikulegezwa siku ile ile. Nilipopaua chumba cha kwanza, rafiki yangu mmoja alinitania: "Na wewe umekuwa bwanyenye?"

Nilifikiri sana juu ya utani ule. Nilikumbuka nilipokuwa mwalimu kijana, mwenye nyumba alinidai pango la mwaka mzima kabla sijapokea mshahara wa kwanza. Nilikopa, nikala ugali na chumvi mwezi mzima. Bati lilivuja, na kila nilipomweleza alisema mvua itakwisha.

Jibu langu ni hili. Nyumba yenyewe hainyonyi mtu. Mwenye nyumba ndiye huweza kunyonya. Ukimpa mtu chumba kikavu, chenye dari kwa baridi yetu ya Juni na Julai, choo safi na maji karibu, kwa pango analoweza kulipa, umefanya kazi kama mkulima anavyofanya. Sisi tunapokea pango la miezi mitatu mitatu. Tunaandikiana mkataba mfupi: pango ni kiasi gani, nani anatengeneza nini, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Kila malipo yana stakabadhi. Hatujawahi kugombana na mpangaji, na chumba hakikai tupu muda mrefu, maana anayehama humwambia anayekuja.

8. UVUMI

Neno la mwisho ni juu ya uvumi. Chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, hapa wilayani Ludewa, yamezungumzwa tangu nikiwa kijana. Mwaka 2023 Serikali ililipa fidia kwa wananchi wa maeneo hayo, na tunatumaini kazi itaendelea. Lakini wapo walionunua ardhi kwa bei ya juu kwa sababu ya habari za kilabuni, wakasubiri mpaka mvi zikaota. Ununue kwa thamani ya leo na matumizi ya leo. Mgodi ukija, iwe ni nyongeza. Usipokuja, uwe bado na mahindi na mpangaji.

MAZOEZI

Yajibuni nyumbani, mke na mume, au katika jumuiya yenu:

1. Taja majina ya majirani wa pande nne za shamba lenu. Nani kati ya watoto wenu anaijua mipaka hiyo?
2. Karatasi za ardhi yenu ziko wapi usiku huu? Zimeandikwa kwa jina la nani?
3. Chumba kimoja kinagharimu shilingi 4,000,000 na pango lake ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kila mwaka kinakaa tupu miezi miwili, na matengenezo ni shilingi 50,000. Kitarudisha gharama baada ya miaka mingapi?
4. Mtu anakuuzia kiwanja cha marehemu baba yake. Utaomba kuona nini kwanza?

Jibu la zoezi la tatu ni miaka 20. Ukilipata, umefaulu, na ukiona miaka hiyo ni mingi mno, umefaulu zaidi, kwa maana sasa utauliza jinsi ya kupunguza gharama kabla hujachimba msingi.

Yule mwenye nyumba ya Makambako tulikutana tena mwaka jana. Amemaliza, na amepanda maua mbele. Nilimpongeza. Alinikaribisha chai, tukanywa, nami safari hii sikuwa na fedha mfukoni.